Nilivyochagua darubini nyepesi ya kuwindia, na kile ilichonionyesha kwenye matete

Wakuu, habari za humu.

Najua jukwaa hili la safari za pori limejaa watu wenye vifaa vya maana. Mimi ni fundi cherehani tu wa kambi ya Dzaleka, Malawi, mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo, nashona mabegi ya mgongoni. Ila kuna member kauliza darubini gani nyepesi inafaa kutembea nayo na kuwindia, watu wakaanza kumrushia majina ya makampuni. Nikasema hapana, kwa hili nina la kusema.

Ninayoandika yalitokea, na tulikuwa watatu. Mmoja wetu, Mzee Ramazani, hasomi. Kwa hiyo jioni nitamsomea uzi huu wote, na nikiongeza chumvi atanikatisha mbele ya majirani. Someni kwa amani.

Nianze na mteja wangu, Bwana Chisomo.

Ni Mmalawi, anakaa Area 47 Lilongwe. Zamani alikuwa akileta magari kutoka Dar, kwa hiyo Kiswahili anacho, cha kuokoteza lakini kinafika. Anavaa miwani, mgongo wake mbovu, na ugonjwa wake mkubwa ni kutembea milimani na begi. Begi lile nilimshonea mimi. Mara chache rafiki yake mwenye shamba kubwa la tumbaku na mahindi humwita apunguze nguruwe pori, maana wale wakiingia kwenye mahindi wanamaliza shamba. Leseni anayo na bunduki yake ni ya halali, nalisema mapema kabla sijaulizwa.

Siku moja alikuja kuchukua begi, akaniambia nimtafutie darubini nyepesi. Alikuwa nayo ya marehemu baba yake, kubwa, nzito, inakaa kwenye gari. Kila akienda porini anasema ataibeba, kila akifika anaiacha kwenye kiti. Akasema nyinyi Wakongo mnajua kuchimbua vitu kwenye soko la Mchesi, nichimbulie.

Nikakubali kwa kifua. Sikuwahi kushika darubini maishani.

Sasa wakuu, hapa nieleze akili ya fundi wa kwetu. Bukavu, kitenge ukikinunua unakipima mkononi. Kizito ndicho original, chepesi kitachuja rangi kabla hujamaliza kukilipia. Sufuria vilevile. Redio vilevile, nyepesi ujue ndani hewa tupu. Mimi nimelelewa hivyo na mama yangu, na macho yangu hayaniambii ubora, mkono ndio unaniambia.

Basi nikaenda Mchesi kwa Mama Furaha. Ni mama wa Bukavu mwenzangu, anauza vitu vya mkono wa pili, kamera, saa, redio, pasi za umeme. Alikuwa na darubini mbili. Moja kubwa kama chupa mbili za soda zilizofungwa pamoja, vioo vyekundu vinang'aa, imeandikwa 20x50. Nyingine ndogo, nyeusi, imechubuka pembeni, imeandikwa 8x32.

Nikaipima kubwa mkono wa kulia, ndogo mkono wa kushoto. Mkono ukatoa hukumu palepale.

Mama Furaha akaniangalia, akasema, "Papa Neema, we unanunua nyama? Hii kitu hawaipimake na kilo."

Nikamwambia aniachie, mimi naijua kazi yangu. Akafunga ile kubwa kwenye plastiki, akaniambia nisiipige wala kuiangusha, nikiona hainifai niirudishe. Alikuwa anacheka kwa ndani, nilimwona.

Kesho yake nikataka kuijaribu kabla ya kumpelekea Bwana Chisomo. Nikamchukua Mzee Ramazani tupande kilima kilicho nyuma ya kambi.

Mzee Ramazani ni jirani yangu, Mwislamu wa Maniema, upande wa Kindu. Hapa kambini anauza chumvi, sabuni na nyanya, lakini kule kwao alikuwa mwindaji, na baba yake, na babu yake. Anaweza kukaa mbele ya duka lake akakuambia nani anapita nyuma ya nyumba kwa kusikiliza tu nyayo. Sijatia chumvi, nimemjaribu mara nyingi na nimeshindwa.

Tulipofika juu shingo yangu ilikuwa inawaka moto. Nikainua ile darubini.

Jamani. Dunia yote ilikuwa inatetemeka. Nikiangalia mabati ya kambi yanaruka. Nikiangalia mti, mti unacheza. Nikishusha pumzi, kila kitu kinapanda na kushuka. Baada ya muda mfupi kichwa kikaanza kuniuma kama nimesoma Biblia kwenye basi.

Nikampa Mzee ajaribu. Akakataa hata kuishika. "Mi sitaki kuangalia pori kupitia chupa," akasema. "Macho ile Mungu alinipa inatosha, na masikio iko."

Tukashuka. Mzee ananitania njia nzima, mimi nasugua shingo.

Nikarudi Mchesi na heshima yangu mfukoni. Mama Furaha hakunisema, na hilo liliniuma zaidi. Alichukua ile ndogo akaanza kunifundisha taratibu, na mimi nawapa kama nilivyopewa.

Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa. Nane inatosha kwa mtu anayetembea. Ukienda kumi bado unaweza kushika, ikifika ishirini unahitaji miguu mitatu ya kuisimamisha, maana mkono wa binadamu hautulii. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kikiwa kipana kinaingiza mwanga mwingi jioni, lakini ndicho kinacholeta uzito. Thelathini na mbili ni mapatano mazuri kati ya shingo na macho.

Halafu akawasha tochi ya simu akamulika ndani kwa upande wa mbele, akaniambia nichungulie kama kuna kuvu, ile inayotanda kama utando wa buibui. Hakukuwa nayo. Akaniambia niangalie ukingo wa ukuta wa mbali kwa macho yote mawili. Kama ukuta unaonekana mara mbili na macho yanavutana, achana nayo, ilishaanguka hiyo. Na kwa sababu Bwana Chisomo anavaa miwani, vile vikombe vya machoni lazima vishuke, la sivyo ataona duara dogo tu katikati.

Mambo ya vioo vyekundu kung'aa, akasema, ni pambo la kushika watu kama mimi.

Nikaipokea. Nyepesi mpaka nikaona aibu kuishika. Nikaielekeza ng'ambo ya barabara, nikazungusha kigurudumu cha katikati kwa kidole.

Wakuu, sijui niandikeje.

Ng'ambo kulikuwa na fundi mwenzangu barazani, mama mmoja mnene na cherehani yake. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Mimi niliuona uzi. Niliona aliulowesha kwa mate, niliona nyuzinyuzi zake zikilala pamoja, niliona umekosa tundu, ukakosa tena, halafu ukapita. Ng'ambo ya barabara! Mabasi yalikuwa yanapita katikati yetu.

Nikashusha. Yule mama akawa kitu kidogo cha mbali. Nikainua. Uzi.

Machozi yalinitoka, nawaambia ukweli. Nimetia uzi kwenye sindano tangu nikiwa kijana, na sikuwahi kujua ni kazi nzuri kiasi kile kuitazama. Mama Furaha akaniuliza kama kuna kitu kimeingia jichoni. Nikasema ndiyo.

Nikaondoka na ile ndogo.

Nyumbani nikaishonea mkanda. Ule wa kuning'iniza shingoni unagonga kifua ukitembea, kwa hiyo nilitafuta kwenye kaunjika, ndivyo Wamalawi wanavyoita mitumba, nikapata mikanda ya suruali ya mabegani yenye lastiki nzuri. Nikaikatakata nikashona msalaba wa mgongoni, darubini ikakaa juu ya kifua imetulia. Ukiinama haianguki, na ukitaka kutazama unaivuta tu inakuja. Kwa wiki nzima sikufanya kazi ya maana. Niliangalia mwezi kabla jua halijazama vizuri nikaona una makovu. Niliangalia kunguru juu ya bati la shule nikaona kope zake, kumbe kunguru ana kope! Mke wangu akasema bora ningeleta mke wa pili, angalau angesaidia kuteka maji.

Siku ikafika. Bwana Chisomo alikuwa ameitwa shambani, nguruwe wamezidi. Akaniomba nije nimwonyeshe mkanda unavyofanya kazi porini, na akaniuliza kama namjua mtu wa kusoma nyayo. Nikamtaja Mzee Ramazani.

Mzee akacheka. Nguruwe yeye hali, hagusi, hata mafuta yake hataki kusikia. Akasema kumla ni haramu, lakini kumwonyesha mtu alikopita hakujakatazwa mahali popote. Tukapata ruhusa zetu za kutoka kambini, tukapanda kabaza, baiskeli za abiria, mpaka barabara kubwa, Bwana Chisomo akatuchukua na gari lake.

Njiani Mzee aliuliza swali moja tu. Aliuliza kama uwindaji umetangazwa.

Bwana Chisomo akasema ndiyo, mwenye shamba ameshatangaza.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kumbukeni hilo swali na hilo jibu, maana jibu lilikuwa la kweli.

Tulifika alasiri. Ile darubini kubwa ya marehemu baba ilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Bwana Chisomo aliigusa, akapapasa mgongo wake, akaiacha pale kama kawaida. Hii ndogo akasema nivae mimi kwanza, ataichukua akishaona mkanda haumkati mtu.

Chini ya mashamba kuna bonde la majimaji, wenyewe wanaita dambo, limejaa matete marefu kuliko mtu. Mzee Ramazani aliingia ukingoni akawa mtu mwingine. Yule muuza nyanya sikumwona tena. Alitembea bila kuvunja jani. Akachuchumaa, akatuonyesha udongo uliofukuliwa, mbichi, bado una maji. Akaunusa. Akatuonyesha pengine, na pengine. Kitu kimechimba mizizi hapa leo hii, akasema, na hakijaenda mbali.

Tukamfuata. Upepo ulikuwa unatujia usoni. Jua limeshuka, matete yote yamekuwa rangi ya udongo.

Mzee akainua mkono. Tukasimama.

Mimi sikusikia kitu. Yeye aliinamisha kichwa upande, kisha akamnong'oneza Bwana Chisomo, "Iko pale. Nasikia inachimba. Iko moja, mukubwa."

Nikaona matete yanatikisika, mbali kidogo, kama upande wa pili wa uwanja wa mpira. Yanatikisika chini, siyo juu. Udongo ukaruka. Kati ya matete kukaonekana kitu cha kahawia, mgongo, umeinama, unasogea kidogo, unainama tena. Bwana Chisomo akapiga goti, akaegemeza bunduki, akaweka shavu. Alikuwa anasubiri kigeuke ubavu.

Sasa, wakuu, msinifanye shujaa. Mimi sikuwa na shaka yoyote. Nilikuwa na tamaa tu. Nilikuwa nimeona uzi wa sindano na kope za kunguru, nikataka kuona meno ya nguruwe kabla hajafa. Darubini ilikuwa hapa kifuani, haikunigharimu chochote kuiinua. Ingekuwa ile kubwa, ingekuwa garini, au begini, na mimi ningekuwa naangalia kwa macho tu kama wenzangu.

Nikazungusha kigurudumu. Matete yakaja wazi. Mgongo ukaja wazi. Na pembeni ya mgongo kulikuwa na kitu kinaning'inia, kinatikisika taratibu. Sikukielewa. Nilikiangalia nikakiita kila jina kichwani, jani, sikio, kobe.

Ulikuwa unyayo.

Unyayo wa mtoto mchanga, ule upande wa chini, mweupe, laini, haujawahi kukanyaga ardhi. Juu ya kifundo kulikuwa na shanga za bluu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake kwenye chitenje, kitenge cha huku, cha kahawia, na mama alikuwa ameinama anachimba.

Niliweka mkono begani kwa Bwana Chisomo. 

"Mtu," nikasema. "Mtoto."

Mtutu wake ukashuka kidogo kidogo mpaka ukagusa majani. Akazitoa risasi ndani ya bunduki. 

Mzee Ramazani hakuamini. Akasema haiwezekani, wametangaza. Alilisema hilo mara kadhaa kwa sauti ya chini, wametangaza, wametangaza. Na ndipo nilipoelewa.

Kwao Maniema, akisema uwindaji umetangazwa, ni ngoma inapigwa jioni ya jana yake. Mtu wa chifu anapita nyumba kwa nyumba. Kesho yake hakuna mama anayekwenda shambani wala mtoni, hata mbuzi wanafungwa. Siku hiyo chochote kinachotikisika porini ni mnyama, hakuna swali. Mzee amewinda maisha yake yote juu ya neno hilo, halijawahi kumwangusha. Na hapa mwenye shamba alikuwa ametangaza kweli, kwa wafanyakazi wake asubuhi, wasishuke bondeni. Kijiji cha ng'ambo hakikuwa kwenye habari hiyo. Akina mama wa kule hushuka kuchimba chikande, viazi vya porini wanavyovitwanga kwa chakula, na wanavichimba kwa kijiti, wameinama, hivyohivyo kama nguruwe anavyofukua.

Masikio ya Mzee hayakukosea. Kitu kilikuwa kinachimba kweli.

Yule mama alinyoosha mgongo, akatuona. Akaogopa, nafikiri alidhani tumetumwa kumfukuza. Akaja na beseni lake, akapiga goti, akatuamkia. Alikuwa msichana tu. Jasho lilikuwa limetengeneza njia kwenye vumbi la shingo yake. Bwana Chisomo alimjibu kwa Kichewa, sauti yake siyo yake, akamwambia kuna uwindaji leo, ni vizuri arudi nyumbani. Basi. Hakumwambia lingine.

Msichana akacheka kwa kuona hafukuzwi. Akachota viazi kwa mikono miwili akatugawia. "Zikomo," akasema, eti yeye ndiye anashukuru. Mtoto alifungua macho akatuangalia sote watatu, mmoja mmoja, akalala tena.

Akaondoka anaimba kidogo. Hajui. Mpaka leo hajui, na hatajua.

Mimi nilisimama pale na viazi vyenye udongo mkononi, nikahisi uzito wa hewa nzima juu ya kichwa changu. Nimeona mengi, wakuu, mnajua wapi tumetoka. Lakini sijawahi kusimama karibu na uhai wa mtu namna ile, nikauona umening'inia kwenye unyayo mmoja, na mwenyewe anasinzia.

Mzee Ramazani alikuwa amekaa chini. Mtu mzima, kofia mkononi. Nilikaa karibu naye. Baadaye akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Leta ile chupa yako," akasema.

Nikaivua na mkanda wake, nikamvisha. Nikamwonyesha kigurudumu. Alihangaika kidogo, akampata. Akamfuata yule msichana kwenye njia ya ng'ambo ya bonde, akipanda, akipumzika, akimpandisha mtoto mgongoni vizuri. Sisi kwa macho tulikuwa hatumwoni tena. Mzee aliendelea kutazama. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo, na chini ya darubini mashavu yalikuwa yamelowa.



Kisha akasema, "Amefika. Kuna bibi muzee amemupokea mutoto." Akameza mate. "Sasa njo nimeona. Na macho yangu."

Tulirudi bila nguruwe. Bwana Chisomo tangu hapo hawindi kabla ya kwenda mwenyewe kuongea na machifu wa pande zote za bonde. Ile darubini hakuichukua. Alisema ibaki na Mzee, na mimi nikamtafutia yeye nyingine ya aina hiyohiyo kwa Mama Furaha. Yeye sasa haivui hata akiwa ndani ya gari. Mzee naye jioni hupanda kile kilima cha nyuma ya kambi. Akishuka anapita kwa majirani, anawaambia, mke wako yuko njiani na kuni, ataingia sasa hivi, weka maji.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza darubini gani ununue, jibu langu ni hili. Usiulize kwanza inaona mbali kiasi gani. Vaa, tembea nayo nusu siku, uone kama utasahau kuwa umeivaa. Ile utakayoisahau shingoni ndiyo itakuwepo siku unayoihitaji. Na kabla ya kuweka kidole kwenye bunduki, angalia tena, hata kama mtu unayemwamini kuliko wote ameshakuambia ni nini.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye 10x42 njooni mnibishie kuhusu uzito, wawindaji tuambieni kwenu mnatangaza vipi siku ya kuwinda. Ila kila atakayekomenti aanze na jibu moja: yako, sasa hivi, iko kifuani au iko kwenye kiti cha nyuma cha gari?